Jicho la Kwenye Lebo

Mchoraji aliitandaza lebo juu ya meza ya kupakia, kisha akarudi nyuma hatua mbili, kama mtu aliyewasha fataki. Bimkubwa akavaa miwani. Akamtazama marehemu mumewe pale kwenye karatasi, akavua miwani, akaipangusa, akatazama tena.

"Mzuri," alisema. "Ni nani?"

Mchoraji akacheka, akidhani anataniwa. Mwanawe Bimkubwa, ambaye sasa ndiye bosi wa kiwanda, hakucheka.

"Mama, huyo ni Baba."

"Baba yako alikuwa na jicho moja. Huyu ana mawili, na yote yanakonyeza wateja."

Kiwanda kilikuwa kinatimiza miaka arobaini. Bosi alitaka lebo mpya yenye sura ya mwanzilishi, na chini yake historia fupi, tamu kama mvinyo wenyewe. Kwenye picha jicho alilirudisha, na kwenye historia chupa zilizopasuka akazifuta.

"Watu wananunua mvinyo wa mapovu kwa ajili ya harusi," alisema. "Nani anataka kusikia kwamba chupa iliwahi kumtoboa mtu jicho?"

"Leo haimtoboi mtu. Haimtoboi kwa sababu ilimtoboa baba yako."

Na alisema kweli. Mzee alianza maisha akiwa fundi bomba. Aliposikia kwamba mvinyo ukifungiwa chupani pamoja na sukari kidogo na hamira hupumua, na ile pumzi ikikosa pa kutokea hugeuka mapovu, alijipiga kifua: "Kama ni presha tu, niachieni mimi!" Akajaza chupa mia tisa, chupa nyembamba za kawaida, akazipanga chini ya nyumba. Wiki ya tatu moja ilipasuka. Jirani yake akaitikia, na jirani wa jirani, mpaka ukuta mzima ukawa unapiga makofi. Mzee alikuwa mbele yake, na taa mkononi.

Bimkubwa ndiye aliyemtoa vigae kwenye nyusi. Alidhani mambo yameishia hapo. Mwanamume gani angerudi? Wiki mbili baadaye akamkuta anashuka ngazi, sufuria kichwani, chekecheke la unga amelifunga usoni kwa kamba.

"Unakwenda vitani?"

"Nakwenda kuomba msamaha. Nilizipa sukari nyingi mno."

Miaka mitatu! Miaka mitatu ya kupunguza sukari kijiko kwa kijiko, ya kutafuta chupa nzito zenye kitako kilichobonyea ndani. Miaka mitatu Bimkubwa naye alizilaza chupa vichwa chini, akizigeuza kidogo kila siku mpaka mashapo yote yakakaa shingoni, yakatemwa nje. Chupa ya kwanza iliyotoka safi, Mzee aliiinua kwenye mwanga, akaikagua kwa jicho lake moja. "Heri yangu," alisema. "Wenzangu hufumba la pili wakitaka kupima. Mimi nimeshafumba."

Hiyo ndiyo historia. Nani anaifuta historia kama hiyo kwa rangi ya kopo?

"Naweza kulilegeza kidogo," mchoraji alipendekeza, akitafuta amani. "Lifanane na kengeza."

"Ukipenda, chongo huita kengeza," Bimkubwa alijibu. "Mimi nilimpenda kuliko ninyi nyote, nikamwita Chongo, na akaitika."

Wafanyakazi waliokuwa wakipakia wakaangua kicheko. Fundi wa kugeuza chupa, aliyefundishwa kazi na Mzee mwenyewe, akaifuta gundi vidoleni.

"Bosi, usinielewe vibaya. Gundi ipo, chupa zipo. Ila huyu bwana sisi hatumjui. Tutabandikaje mgeni?"

"Kwa hiyo mnataka niuze chupa yenye sura ya mtu aliyejeruhiwa na chupa!"

"Uza chupa ya mtu aliyejeruhiwa na chupa akarudi," mama yake alisema. "Hao wa harusi nao, unadhani hawatajeruhiana?"

Bosi aliisukuma lebo irudi kwa mchoraji.

"Basi niambieni," mchoraji alisema, akiichukua brashi. "Jicho gani? Picha niliyopewa ni ya kabla ya ajali."

"La kulia," alisema fundi wa kugeuza chupa.

"Kulia gani? La kushoto!" mpakiaji alimrukia. "Wewe hata chupa unazigeuza kinyume."

"Nilifanya naye kazi miaka kumi na miwili!"

"Ukimtazama miguu!"

Bimkubwa alikuwa anajua. Angewezaje kutojua? Lakini aliuma midomo, akamkazia macho mwanawe, na moyo ulimwenda mbio kuliko siku zile za chupa kupasuka. Kama mtoto wake mwenyewe amesahau, lebo itasaidia nini?

Bosi hakuitazama picha. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia.

"La kushoto," alisema.

"Una hakika?"

"Tukitembea, upande huo ulikuwa wangu. Nilimshika mkono ili asiwagonge watu. Nikiona shimo, namvuta." Akakikunja kiganja, kana kwamba kimeshika kingine. "Nilikuwa na miaka sita. Nilijiona dereva."

Bimkubwa akageukia dirisha, akajipangusa uso kwa kiganja.

"Kushoto kwake," mchoraji aliuliza taratibu, "au kwetu tunaotazama?"

"Kwake," alisema bosi, na akamsogezea kopo la rangi.