Mwalimu Ekuru na Matumbo ya Mbuzi

Nyumbani kwa Mwalimu Ekuru, pale Lodwar, jina la ugonjwa halikutajwa. Hakuna aliyelipiga marufuku; lilififia lenyewe tangu Akuwam, mkewe, alipomaliza matibabu ya saratani ya titi na daktari wa Eldoret akamwambia arudi kila baada ya miezi sita kuangaliwa. Mwanzoni walisema "ile kansa". Baadaye ikawa "ile kitu". Halafu ikawa "mambo ya Eldoret", na kwa kuwa hilo nalo lilianza kumkata mwalimu tumbo, Eldoret yenyewe ikafukuzwa nyumbani. Binti yao Nelly, aliyekuwa chuoni huko, sasa ilisemwa anasoma "kule juu", na majirani wapya waliamini mtoto wa watu yuko Ulaya.

Ekuru alijitia hodari. Ukimuuliza habari za mkewe kanisani, alijibu kwa sauti ya mtu anayetangaza mshindi wa uchaguzi: "Tulishinda! Ilikwisha!" Kisha alirudi nyumbani akamtazama mkewe kwa pembe ya jicho, aone kama amejikuna. Akuwam akikohoa, chai ilimpalia yeye. Akisema mgongo unamuuma, mwalimu alijifungia chooni mpaka miguu ikafa ganzi. Alifundisha bayolojia, na hilo ndilo lililomponza, maana alijua kila njia ambayo seli moja mbovu inaweza kupita.

Kliniki ya safari hii ilipokaribia, Ekuru alifanya jambo ambalo lau mwanafunzi wake angelifanya, yeye angemcheka. Alimwendea Mzee Ekaale, ndugu ya baba yake, msomaji wa matumbo anayejulikana mji mzima. Mbuzi huchinjwa, matumbo yakatandazwa, wazee wakayainamia na kuyasoma: hapa njia ya mvua, hapa wezi wa mifugo, hapa kaburi. Muhula uliopita mwalimu alikuwa ameliambia darasa zima kwamba utumbo wa mbuzi una habari moja tu, nayo ni majani aliyokula jana.

"Ejok, Mwalimu," mzee alimsalimu, akimkagua toka viatu hadi tai. "Leo umepotea njia?"

"Ejok, mzee. Kuna mbuzi amevunjika mguu," Ekuru alidanganya. "Nimeona asiteseke. Na kwa vile atakuwa ameshachinjwa, basi unaweza kumwangalizia Mama Nelly. Ile safari yake imekaribia."

Wakachinja kando ya laga, ule mto mkavu, mbali na macho ya watu. Mzee Ekaale alitandaza, akainama, akagusagusa kwa kijiti. "Hii iko safi. Mama Nelly iko sawa. Hakuna kitu." Wazee wenzake wakachungulia, wakakubali, wakageukia nyama.

Ekuru alirudi nyumbani mtu mpya. Alikoga akiimba nyimbo za kanisa. Amani hiyo ilidumu kadiri nyama ilivyokuwa bado tumboni, kisha likamjia wazo: mbona mzee alijibu upesi hivyo? Bila shaka alimwonea huruma. Kuna kitu alikiona akakimeza. Basi akachagua mbuzi mwingine, ambaye huyo, alisema, alikuwa amemeza mfuko wa plastiki.

"Safi," alisema Mzee Ekaale.

"Hebu angalia tena hapo kwenye kona."

"Mwalimu, hii kona ni ya mbuzi. Kila mbuzi iko nayo."

Aliyefuata alikuwa na kichaa. Aliyemfuata huyo alikuwa kipofu, ingawa alipofukuzwa alikwepa kila mti. Wote matumbo yao yalikuwa safi, na kila usafi ulimtuliza mwalimu kwa muda mfupi kuliko ule uliotangulia. Wazee hawakuwahi kuneemeka namna hiyo. Walianza kumpitia asubuhi kumjulia hali: "Mwalimu, leo moyo iko aje?" Akisema umetulia, walisikitika bila kujificha.

Mbavu na mchuzi wa mafuta alimpelekea Akuwam, na hapo ndipo penye balaa lenyewe, kwa sababu Akuwam hakula. Kazi yake ilikuwa kununua vitenge kwa Wakongomani wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma na kuviuza Lodwar, na kila akirudi alisema, "Nimeshiba. Mathilde amenilisha fufu kule, ule ugali wao wa muhogo." Mathilde alikuwa fundi wa nguo, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Lakini fufu gani hiyo ya kumkondesha mtu? Mifupa ya shingo ilianza kuchomoza, gauni la Jumapili likawa linampwaya. Mwalimu alijua kukonda ghafla ni dalili ya nini. Alishawahi kutungia jambo hilo swali la mtihani. Usidhani basi alimwambia mkewe, "Umekonda, twende kwa daktari mapema." Alisema, "Gauni limekupendeza," akatoka kwenda kutafuta mbuzi.

Zizi lilipobakiwa na beberu mmoja mzee, ambaye hata wazee walimtazama bila hamu, Ekuru alipiga moyo konde. Angekwenda Kakuma mwenyewe akamuulize huyo Mathilde kama mkewe anatapika, ana homa, anaficha nini. Shuleni aliaga kwamba ana mkutano wa walimu wa sayansi.

Alimkuta Mathilde mlangoni pa kibanda chake cha mabati, mguu juu ya cherehani. Katika chumba cha nyuma wanawake walikuwa wakiimba maombi.

"Papa Nelly! Karibu. Iko amani?"

"Mama Mathilde, usinifiche. Mke wangu akija hapa, anakula?"

Cherehani ikanyamaza. "Kula? Papa, bibi yako iko anafunga! Sisi bamama yote ya maombi tuko tunafunga naye. Hata maji hatukunywe mpaka jua inazama, na usiku ni uji kidogo tu."

"Anafunga kwa ajili gani?"

"Sasa unaniuliza miye? Ni juu ya zile mbuzi yako!" Mathilde alisimama, mikono kiunoni. "Alikuja hapa kulia. Anasema, 'Bwana yangu ni mtu ya kuchunga mali. Sasa anachinja, anachinja, ananiletea mafuta. Kwetu Turkana mtu anachinjiwa hivyo kama iko mgonjwa ya kufa. Daktari amemupigia simu kwa siri, na yeye anaogopa kuniambia.' Njo maana tukasema, basi tumulilie Mungu."

Ekuru aliketi juu ya rundo la vitenge vya watu. Alikuwa amechora mizunguko mingi ubaoni maishani mwake, wa maji, wa damu, wa hewa, na huu wa sasa aliuelewa bila chaki. Alichinja kwa sababu aliogopa. Mkewe akaogopa kwa sababu anachinja, akafunga. Akakonda kwa sababu anafunga. Naye akachinja kwa sababu amekonda. Wangeendelea hivyo mpaka mmoja wao azikwe akiwa mzima kabisa.

Nyimbo zikakatika. Akuwam, ambaye mwalimu alidhani yuko sokoni Lodwar, alitokea mlango wa nyuma, kitambaa kichwani, uso umemkauka.

"Umekuja kuniambia," alisema.

"Kukuambia nini?"

"Alichosema daktari."

"Daktari hajasema kitu! Hajanipigia simu, haki ya Mungu!"

"Na mbuzi?"

Ekuru alitazama vidole vya miguu yake. "Nilikuwa naangaliziwa matumbo. Kwa Mzee Ekaale."

"Wewe? Mwalimu wa bayolojia?"

"Yalisema uko sawa. Yote."

"Yote? Na bado ukaendelea kuchinja?"

Akuwam akapandwa na hasira, akamwambia amemtesa na njaa bure. Ekuru akasema yeye ndiye aliyemmalizia zizi kwa fufu ya uongo. Akina mama wa maombi walijaa mlangoni, na Mathilde, bila kuombwa, akawa anawatafsiria kwa Kirundi wale Warundi wa nyuma waliopitwa na maneno.

"Basi usihangaike tena," Akuwam alisema, na sauti ikamshuka. "Kliniki siendi. Nilishaamua zamani. Nikae kwenye benchi lile nisubiri kuitwa jina, niambiwe nini? Bora nikae nisijue."

Na hapo Ekuru alihisi jambo la aibu: alifurahi. Wasipokwenda, hakuna mtu atakayewaambia neno. Angeendelea kutangaza kanisani kwamba walishinda, na nani angembishia? Kinywa kilikuwa kimeshafunguka kusema, "Sawa, kama umechoka, tupumzike kwanza," tena kwa upole wa mume mwema. Akamtazama mkewe, ile mifupa ya shingo, ule mkono uliozoea kujishika upande ulikokatwa titi. Akaona kwamba upole wake huo ndio ungemuua.

"Tutakwenda," alisema. "Mimi naogopa, Mama Nelly. Sikuwahi kushinda kitu chochote. Naogopa kansa isije ikarudi, naogopa mpaka naharisha."

Akuwam alikuja akaketi kando yake juu ya vitenge. "Rudia."

"Kwamba naharisha?"

"Hapana. Hilo jina lake."

"Kansa."

Akuwam akalia, na mwalimu naye akalia kwa kwikwi mbele ya kambi nzima. Mathilde hiyo hakuitafsiri. Aliingia ndani akatangaza kwamba Mungu amejibu, hakuna simu iliyopigwa, funga imekwisha. Akapakua fufu ya kweli na samaki wa ziwani kutoka Kalokol, na Akuwam akala mpaka akaomba kuongezewa.

Eldoret walikwenda wote wawili, wakakaa kwenye benchi lile. Daktari alimpima, akawapigisha foleni za mashine, mwishowe akasema hakuona kitu. Akauliza tu mbona mama amepungua uzito.

"Ni mambo ya kanisa," alisema Akuwam.

"Na ya mifugo," akaongeza Ekuru.

Daktari aliwatazama, akaona asiulize zaidi. Akawaambia warudi baada ya miezi sita.

Nje, Ekuru aliisubiri ile furaha kubwa. Ilikuja, na kabla hawajafika getini ilikuwa imeanza kuvuja, kama ilivyovuja ile ya kando ya laga. Miezi sita tena. Halafu sita mingine, maisha yao yote. Safari hii hakusema wameshinda. Alimshika mkewe mkono hadharani, jambo ambalo mwanamume wa rika lake halifanyi.

"Mama Nelly," alisema, "usiku ukishikwa na hofu, usikae nayo peke yako. Niamshe."

"Kwani wewe huwa umelala?"

Ekuru alitaka kudanganya, akashindwa. "Hapana."

Akuwam alisimama katikati ya njia. "Na mimi miaka yote hii sijigeuzi kitandani," alisema, "nisije nikakuamsha."