Zamu ya Jino

Fundi wa vifungo alikuwa na tabia ya kukata uzi kwa meno, na mkasi umelala pale pale kando ya cherehani yake. Kiwanda kilikuwa chumba kimoja kirefu juu ya duka la rangi, kikishona sare za shule, na kila shati lililotoka mle lilipita mikononi mwake na kinywani mwake. Wenzake walimwita Mama Vifungo. Siku alipoonekana akitafuta mkasi, chumba kizima kilijua kwamba mambo yameharibika huko ndani, upande wa kulia, gego la chini.

Alijikaza kisabuni kwa muda mrefu. Alisukutua maji ya chumvi, akauma karafuu, akalalia shavu moja mpaka sikio likachoka. Kisha akaenda hospitali ya serikali. Hospitali ilikuwa na daktari wa meno, kiti cha kuegemea, taa nzuri na koleo za kila saizi. Kilichokosekana ni sindano ya ganzi. Aliambiwa imeagizwa. Kila aliporudi aliambiwa tena imeagizwa, na mpokezi alilisema hilo kwa upole wa mtu anayetangaza kwamba chai iko jikoni. Daktari mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alieleza tu kwamba bila ganzi hang'oi jino la mtu mzima, maana wa mwisho kujaribiwa hivyo aliondoka na mkono wa kiti.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kliniki ya kulipia. Huko ganzi ilikuwa tele, na chumba cha kungojea kilikuwa na samaki wa mapambo. Mama Vifungo aliwahi kuingia kuuliza bei. Alitoka akiwa amefaidi samaki tu.

Basi akarudi kwenye vifungo, na vifungo vikaanza kumkataa. Alivishona upande wa ndani. Shati moja alilifunga kola na mkono pamoja, sijui alitaka livaliwe na nani. Msimamizi alimwita pembeni akamwambia kwamba kosa jingine la aina hiyo litamrudisha nyumbani moja kwa moja. Nyumbani kulikuwa na mama mzee na watoto wawili, wote wanakula kwa vifungo hivyo hivyo. Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni.

Aliyekaa cherehani ya jirani alikuwa fundi wa kola, mwanamke aliyeitwa Kasuku kwa sababu ambayo haikuhitaji kuulizwa. Kasuku alivumilia kusikia mwenzake akiguna asubuhi nzima, kisha akasimama, akaweka kiganja kwenye shavu lililovimba, akasema kama anavyoambiwa mtu anayeshuka na mizigo mlangoni:

"Hebu nikupokee kidogo, mwenzangu."

Maumivu yakahama. Mama Vifungo alisikia shavu limekuwa jepesi, akaona kwamba dirishani kulikuwa na jua. Kasuku alishika shavu lake mwenyewe, akasema, "Kumbe ndiyo hivi," na hakutamka neno jingine mpaka kazi ilipofungwa. Wenzake walikiri baadaye kwamba haikuwahi kupita siku tulivu kama ile.

Hakuna aliyeuliza imewezekanaje. Waliuliza mambo ya maana zaidi, kwa mfano kama njia hiyo inafaa pia kwa mgongo. Walijaribu na mgongo wa mpiga pasi, ukakataa kuhama. Walijaribu macho ya mkataji wa vitambaa, nayo yakabaki palepale. Ilionekana ni jino tu. Basi wakapanga zamu, kama watu wanavyocheza upatu, ila hapa mpokeaji hakuwa na haraka ya kufikiwa.

Mkataji alikuwa mwanamume wa kifua, aliyezoea kubeba majora ya kitambaa peke yake ngazi zote. Alipokea maumivu asubuhi akicheka. Kabla ya chakula cha mchana alikumbuka kwamba ana msiba. Msiba huo ulipoulizwa uliko haukupatikana, ikaamuliwa kwamba yeye atakuwa anashika nusu siku, na hakuna aliyemcheka mbele yake. Msimamizi alisema yeye yuko upande wa uongozi na hawezi kushika kitu kisichokuwa kwenye mkataba wake. Hata hivyo, mwenye zamu alipewa mishono iliyonyooka tu, na hilo msimamizi alilifanya bila kuombwa na bila kulisema.

Mama Vifungo akapona bila kupona. Alilala, akala, akacheka mpaka mbavu zikamuuma, na vifungo vikakaa mahali pake. Tatizo ni kwamba jino lenyewe halikuhama. Lilikuwa bado kinywani mwake, linaoza kimya kimya, na sasa halikuwa na namna ya kumwonya. Alikuwa akilitafunia karanga. Siku moja mama yake alimwangalia akamwambia kwamba jicho lake la kulia limekuwa dogo, na kwa kweli shavu lilikuwa limepanda likaanza kulifunika. Daktari alipoliona aliacha mzaha. Alisema usaha ukishuka shingoni, hata aliye ng'ambo ya barabara hatamsaidia. Jino litoke. Akaulizwa habari za ganzi, akatazama dirishani, akasema imeagizwa.

Wakati huo zamu ilikuwa imefika kwa mpiga pasi.

Huyu alikuwa mzee kuliko wote, na walimwita Bibi Pasi. Mumewe alikuwa amefariki msimu wa mvua uliopita. Kwenye mazishi alipokea wageni, akapanga viti, akarudisha vyombo vya watu, na kesho yake akarudi kwenye meza yake ya pasi. Hakuna aliyeona chozi. Wapo waliosema ana moyo mgumu, na walisema hivyo karibu naye kiasi cha yeye kusikia.

Alipopokea maumivu ya jino alinyoosha mashati machache, kisha machozi yakaanza kudondokea pasi, yakilia *chwii* na kupotea. Alilia asubuhi, akalia mchana, kazi yake ikaenda vizuri kabisa. Jioni Kasuku alimfuata kumpokea. Bibi Pasi akarudisha shavu nyuma.

"Niachie," alisema.

Kesho yake alisema vilevile, na kesho kutwa. Wakadhani amechanganyikiwa kwa maumivu, lakini alipokaa kula aliwaeleza bila kuinua macho.

"Tangu nimzike baba watoto nilikuwa natafuta pa kuanzia. Sasa nimepapata. Niachieni zamu zenu."

Wakamwachia. Ni Mama Vifungo peke yake aliyekosa raha. Jino likitoka, kilio cha bibi kinakatika katikati. Jino likibaki, yeye ndiye anayekatika. Alizunguka na jambo hilo siku kadhaa, akishika shavu lisilouma, na shavu likizidi kupanda. Mwishowe alipiga moyo konde, akaenda mezani kwa bibi akamweleza yote aliyoambiwa na daktari, hata lile la shingo. Bibi Pasi alimsikiliza akiwa anakunja shati. Alilikunja vizuri, akaliweka juu ya mengine.

"Basi twende wote, mwanangu," alisema. "Wewe utatoa jino. Kulia niachie mimi."

Kasuku naye akajiunga, baada ya kumwombea ruhusa kila mtu kwa msimamizi kwa maneno mengi hivi kwamba msimamizi alikubali ili apate kusikia cherehani.

Hospitalini waliambiwa ganzi imeagizwa. Kasuku aliingia mpaka ndani.

"Daktari, ganzi ya nini?" alisema. "Jino analo huyu. Maumivu ameyashika yule bibi pale nje."

Daktari alichukua kioo chake kidogo cha mpini, akamfunua Mama Vifungo kinywa, akaligonga gego. Kwenye korido Bibi Pasi akasema, "Hapo hapo." Daktari akagonga la jirani. Kimya. Akarudia lile la kwanza, polepole zaidi, na bibi akasema ameshamwambia ni hapo. Daktari akanawa mikono, akavaa glavu, akaomba bibi asogezwe mbali kidogo na mlango asije akamshtua mkono.

Mama Vifungo aliegemea kiti. Alisikia jino lake likivunjwa kama mtu anavyosikia droo ikifunguliwa kwa nguvu kwenye nyumba ya jirani. Mizizi ilikuwa imejipinda, na daktari alitoka jasho.

Huko nje Bibi Pasi alishika benchi kwa mikono miwili. Mwanzoni alilia jino. Halafu akalia kandambili zilizokuwa bado mlangoni kwake, na vikombe viwili vya chai anavyotoa kabatini kila asubuhi kabla ya kukumbuka. Alimlaumu marehemu kwa kutangulia bila kurekebisha bati la jikoni. Akamsamehe. Akamwambia kwa sauti jambo alilokuwa amelikalia miaka yote ya ndoa yao, na watu wa kwenye foleni wakatazama sakafu ili asikwazike. Mama mmoja alimpa kitambaa. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Ghafla akaacha, katikati ya neno.

"Limetoka," alisema, kabla daktari hajasema.

Mama Vifungo alitoka na pamba kinywani. Hakuweza kusema, akauliza kwa macho. Bibi Pasi alikuwa anajipangusa uso, na uso wenyewe ulikuwa umelainika.

"Nimemaliza, mwanangu," alimwambia. "Zaidi ya hapo ingekuwa kelele tu."

Walirudi kwa miguu. Kasuku alizungumza kwa niaba ya wote watatu. Mama Vifungo alikuwa na furaha, furaha ya wazi isiyo na maelezo, na aliposhusha pumzi ilionekana kama alikuwa ameibana tangu siku ile alipoutafuta mkasi. Jicho likafunguka baada ya muda, shavu likashuka, na msimamizi akaacha kukagua mashati yake moja moja. Bibi Pasi akaanza kutoa kikombe kimoja.

Daktari aliripoti kwa wakubwa wake kwamba jino gumu limeng'olewa bila ganzi, mtu mwingine akiwa ameyapokea maumivu, na mgonjwa hakulalamika. Wakubwa walipendezwa sana. Ganzi ikafutwa kwenye maagizo, kwa kuwa imeonekana wananchi wanayo njia yao, na mlangoni pakabandikwa tangazo: MGONJWA WA JINO AJE NA MTU WA KUMPOKEA MAUMIVU. ASIYE NA MTU HATAHUDUMIWA. Liliongezwa pia benchi la pili kwenye korido, na tusiwe wanyimi wa shukrani, ni benchi la mbao nzuri. Ng'ambo ya barabara samaki waliendelea kuogelea.

Mama Vifungo alirudi mara moja kuangaliwa ufizi. Daktari alimulika, akasema umefunga vizuri, aende zake. Mlangoni alimkuta mchukuzi wa mizigo, kamba yake begani, shavu limemjaa mpaka sikioni. Mpokezi alikuwa anamweleza kwa upole ule ule kwamba aje na mtu. Mchukuzi alisema yeye ni mgeni mji huu na hana mtu. Mpokezi akamsomea tangazo, labda hakuliona.

Kiwandani mashati yalikuwa yanamngoja. Mama Vifungo aliweka mkoba wake chini, akamsogelea yule mwanamume, akamwekea kiganja shavuni.

"Nikupokee, kaka," alisema.

Maumivu hayo yalikuwa mazito kuliko yake ya zamani. Mchukuzi alinyooka mgongo, akatazama huku na huku kama aliyetuliwa gunia, akaingia ndani anatabasamu. Mama Vifungo akaenda kukaa kwenye benchi jipya na kulishika kwa mikono miwili. Koleo zikalia kwenye sahani. Akatafuta kitu cha kulilia, na kwa muda hakukiona, maana siku hizo mambo yake yalikuwa mazuri. Kisha akainua macho, akalisoma tangazo lililokuwa mbele yake tangu neno la kwanza hadi la mwisho, akaanza kulia.