Hapo Hapo, Usitikisike

…na asiniambie tena nisogee kushoto, kushoto nimeshasogea mpaka paja moja linaning'inia nje ya ukingo, jiwe lenyewe limewaka jua, nakaangwa, na chemchemi haina hata tone, mfagiaji amefunga maji anasugua ukoga ndani ya bakuli, mtu mwenye akili angesema basi twende tukanywe kitu cha baridi, lakini mume wangu Dereva hapana, likizo yote tunazurura mji wa watu kutafuta maji yanayoruka, simba wa jiwe anayetapika, samaki wa shaba, yule malaika mwenye mtungi, na kila mahali kaa hapo nikupige picha, kisha naangalia simu, samaki mzima, mimi kiwiko, malaika na mtungi wake, mimi sikio na nusu ya hereni, nimeolewa naye nikiwa na kiuno, leo napitwa na samaki… "Usicheke bado," anasema, nani anacheka, sicheki, wala sisemi, nimenuna tangu chai ya asubuhi, aliimimina mpaka ikafurika kwenye sahani na kunilowesha mapaja, halafu akasema vikombe vya hapa vidogo, ngazi za hoteli nazo zimejengwa na mlevi, kila kitu kina kosa isipokuwa yeye… "Mama, pole," mfagiaji ananiita kutoka ng'ambo ya bakuli, "nikimaliza ukoga huu nafungulia," na simu ya mume wangu inaniacha, inamgeukia mfagiaji, inatulia, "Hapo hapo, mama watoto, usitikisike, umependeza," anamwambia mwanamume mwenye ovaroli na ufagio, mfagiaji anatazama nyuma yake kumtafuta huyo mama watoto, ananitazama mimi, anacheka, nami nataka kusema we Dereva, mtani mkubwa wewe, ila usoni mwake hakuna utani, amekunja paji la uso kama anayesikiliza redio yenye mikwaruzo, anangoja… anangoja nini… anasikiliza… maji. Samaki alikuwa anatoa sauti, malaika alikuwa anatoa sauti, mimi nilikuwa nimenuna. Ee Mungu, na chai, na ngazi, na safari yenyewe, huyu ambaye hata fundi wa gereji hamruhusu kushika usukani wake alimwachia mkwe wetu aendeshe njia nzima, eti kachoka, nami nikafurahi, nikasema uzee unamlainisha, kumbe macho… lakini si angesema! Miaka yote nalala ubavuni mwake, ningemla? Anaficha macho kama mtoto anavyoficha sahani aliyovunja, na Jumatatu shule zinafunguliwa, basi la shule lile la manjano, watoto wanampigia kelele Dereva, Dereva, tupigie honi, naye anawajua wote kwa sauti, niliona ni sifa hiyo, nikawasimulia majirani… akinyang'anywa basi lile atabaki nini, atakaa sebuleni kama mgeni, ndiyo maana, naelewa, naelewa na bado ningemtwanga na huu mkoba… "Mbona umenyamaza?" anauliza, sasa kwa sauti ndogo, simu bado iko kwa mfagiaji, "Mama watoto? Upo?" na mfagiaji ameacha kucheka, ananiangalia, anaufungua mdomo, namwonyesha kidole, nyamaza baba, hili la kwangu, nitamwambia, hapa hapa, kabla hatujanyanyuka, kwamba Jumatatu hashiki usukani, atanichukia mpaka jioni au mpaka mwakani, sawa, lakini kwanza anipate… "Nipo, mume wangu," nasema, "huku, kulia kwako, nazungumza, fuata, bado, bado kidogo, nimevaa lile gauni la bluu unalosema linaninenepesha," na simu inaanza kurudi, inaupita ufagio, inalipita bomba kavu, "njoo, njoo, usibonyeze bado, Dereva, hujanifikia…"