Bakuli Lililojaa Pomoni

Miezi minane nimelijenga bonde la bibi yangu kwa programu ya kutengenezea michezo ya video, na siku ya kulisikia, ameketi kitako.

Bonde lenyewe lilizamishwa na bwawa kabla sijazaliwa. Langu halina picha, ni sauti tupu ndani ya hema la sufi hapa mjini Bishkek. Kamera niliyoitundika juu inafuata mwendo wako: mlangoni unasikia farasi, katikati mbwa, na ukifika mwisho, mto unagonga mawe. Ukitulia, kimya.

Bibi Burulcha aliingia wa kwanza, akapelekwa mwisho kabisa, mahali pa heshima. Ndugu wakafuata kwa umri, na kelele za salamu zao zikafunika kila kitu. Kisha wote wakaketi, hakuna aliyejitikisa. Gari la kumrudisha bibi kijijini lilikuwa la saa tisa, na kwa magoti yake mabovu hangekuja mjini tena.

"Jamani, tembeeni basi!" nikawasihi. "Sauti inataka miguu."

"Mgeni atangetange ndani ya nyumba ya watu kama mbuzi?" akasema Mjomba Omurzak. "Nurzada, wewe msomi wetu, chai iko wapi?"

"Mjomba, hii si sherehe! Ni kazi yangu!"

"Kazi gani hiyo isiyo na chai?"

Wakacheka. Damu ikanichemka. Chai wanaitaka, wataipata! Nikaenda kwenye samovari, lile birika kubwa la chai pale mlangoni, nikajaza bakuli la kunywea pomoni, nikalivuka zulia kwa hasira mpaka kwa bibi.

Kicheko kikakatika. Kwetu mgeni hutiliwa kidogo, ili aongezwe tena na tena. Ukimjazia, umemwambia anywe aondoke.

"Unamfukuza bibi yako?" mjomba akauliza.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini bibi hakuwa akilitazama bakuli. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa spika. Mto ulikuwa bado unagonga mawe, kwa sababu nilikuwa natetemeka.

Akanirudishia bakuli. "Kamwage. Nitilie kidogo."

"Bibi, nisamehe, mimi..."

"Nenda bwana! Ukisimama, mto wetu unapotea."

Nikaenda, nikarudi: farasi, mbwa, kisha mto. Alikunywa funda moja tu, akanituma tena, na tena. Saa tisa dereva akapiga honi nje. Mjomba akainuka kumshika mkono.

Bibi akaninyooshea bakuli.

"Kidogo," akasema.