Tundu la Kushoto

Daktari wa pua aliniziba tundu la kulia kwa kidole, akanisogezea kichupa. "Nusa," akasema. Nikavuta. Hakikuja kitu. Akaziba la kushoto, nikavuta tena, na karafuu ikanipiga mpaka machozi yakanitoka.

"Miezi mingapi?"

"Saba."

"Na damu?"

"Hilohilo la kushoto."

Akaweka kalamu chini. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye taa kwenye paji la uso, na aliniuliza swali ambalo zahanati mbili na chupa tano za dawa ya matone hazikuwahi kuniuliza: "Unafanya kazi gani?"

Mimi ni seremala. Nimezaliwa na seremala aliyezaliwa na seremala, na katika karakana yetu kuna mtihani mmoja tu wa kuingia kwenye ufundi. Baba anapiga randa ubao usioujua, anakuwekea maranda kiganjani ukiwa umefumba macho, nawe unanusa na kutaja mti. Niliupita nikiwa na miaka kumi na miwili, kabla ya kaka zangu wote wawili, na kuanzia siku hiyo Baba akaniita Pua. Nililipenda jina hilo kuliko langu. Barakoa hatukuvaa. Barakoa, alisema Baba, ni ya fundi anayeogopa mbao, nasi tulicheka naye huku makamasi yetu yakiwa na rangi ya vumbi. Damu ilipoanza kuchuruzika sikushtuka, maana pale kila mtu alikuwa na mafua ya karakana. Ugonjwa ukiwa wa nyumba nzima, nani atajiona mgonjwa?

Daktari alinipitishia kamera nyembamba puani, akakata kinyama kidogo kwa ajili ya maabara, kisha akanipeleka kwenye skani. Baada ya wiki mbili alinionyesha picha. Upande wa kulia palikuwa peusi, hewa tupu. Wa kushoto ulikuwa umejaa mpaka chini ya jicho.

"Ni saratani," akasema. "Ya aina adimu. Nimeiona mara nne tangu nianze kazi hii. Watatu walikuwa maseremala."

Aligusa picha kwa ncha ya kalamu. Ikikaa pale ilipo, alisema, angeweza kuitoa kwa kupitia puani bila kunichana uso, halafu ningepigwa mionzi wiki sita. Ikivuka ule mfupa mwembamba wa juu na kuingia kwenye ubongo, hapo mambo yangekuwa mengine. Tusingoje mwezi.

"Na kunusa?"

"Huenda usinuse tena. Pande zote mbili."

Nilimchukia kwa sababu hakunidanganya.

Nilipomweleza Baba, hakuacha kupiga randa. "Hakuna atakayekuchokonoa kichwa kwa sababu ya mafua. Ng'ombe haelemewi na nunduye. Babu yako alivuta vumbi hili miaka arobaini."

"Alikufa na nini?"

Randa ikasimama. "Mafua."

"Baba, nani anakufa kwa mafua?"

Wote wawili tulilikumbuka jicho la Babu, lilivyotokeza nje mwaka wake wa mwisho, na sisi tukasema ni upepo mbaya. Kisha Baba akasema neno ambalo hata leo likinijia hunichoma: "Pua isiyonusa haina kazi hapa."

"Basi nitarudi nikiwa sina kazi," nikamjibu. "Lakini nitarudi."

Mama aliniwekea nguo kwenye mfuko. Mlangoni akamgeukia Baba, "Mficha maradhi, kilio humfichua. Chakula kiko jikoni, ujipakulie mwenyewe." Hospitalini karani aliuliza nani ataweka sahihi. Niliweka mimi, herufi kubwa mpaka zikatoka nje ya mstari.

Upasuaji ulichukua saa sita. Kwenye mionzi walinitengenezea barakoa ya plastiki iliyoshika kila pindo la uso, wakaikaza kwenye meza nisitikisike. Siku ya kwanza nilicheka ndani yake peke yangu. Mimi, binti wa fundi asiyeogopa mbao!

Nilirudi karakana Jumatatu moja asubuhi, baada ya miezi mitano. Nilipigilia misumari minne ukutani nikatundika barakoa nne. Kaka mkubwa akaanza kunitania, eti nimeleta wodi nzima. "Cheka," nikamwambia, "lakini vaa." Akavaa. Mdogo wake akafuata.

Baba alikuja na maranda mbele ya wote, akayatia kiganjani mwangu. Nilifumba macho. Kunusa nilikuwa sinusi hata moshi. Nikayasugua kwa kidole gumba, yakaniachia mafuta kidogo, nikayavunja nikasikiliza yanavyokatika.

"Msaji."

"Hukunusa."

"Lakini nimejibu."

Akageuka kando, akatoa leso, akajipangusa pua haraka. Akaikunja haraka zaidi, lakini mimi nimefundishwa na yeye kuona ufa kabla haujafunguka. Nikaliona lile doa la damu.

Hasira yote niliyokuwa nimeibeba kwa miezi mitano ikakosa pa kukaa. Nikamsogelea na maranda yaleyale, nikaweka kidole changu kwenye tundu lake la kulia, na mkono wake aliouinua kunizuia ukashuka.

"Nusa, Baba."

Akavuta. Akavuta tena, mabega yakapanda. Jibu alikuwa keshalisikia kinywani mwangu. Angelitaja tu, na kaka zangu wangepiga makofi, na kazi ingeendelea.

"Hakuna kitu, Pua," akasema.

Nikamfungua aproni mgongoni. Fundo lilikuwa limekazwa na vumbi la miaka mingi, ikabidi nilifungue kwa meno.

"Kabadilishe shati, Baba. Tunakwenda."