Gauni la Kunyonyeshea

Aliyebuni gauni lenye zipu mgongoni hakuwahi kunyonyesha, na kama aliwahi, basi alikuwa na roho mbaya. Wiki nne baada ya kujifungua nilikuwa na magauni sita, yote ya zipu ya mgongoni, na yote yalikuwa yamenishinda kifuani. Siku ya kliniki ilinibidi nijivue mpaka kiunoni mbele ya baba mmoja aliyemsindikiza mkewe. Yule baba alisoma bango la malaria kwa bidii ambayo sijaiona hata kwa wanafunzi wa kidato cha nne. Nilirudi nyumbani nimeapa kwamba Jumapili ya ubatizo wa mwanangu Monika sitakaa kanisani nusu uchi. Nitajishonea mwenyewe, na yeye nitamshonea.

Cherehani ninayo, ya kukanyaga, aliniachia shangazi. Ufundi ndio haba. Gauni la kwanza la Monika lilikataa kupita kichwani kwa sababu nilimpima mabega kwa kamba akiwa amelala, nikasahau kwamba nguo huanzia kichwani. Mume wangu Marcelo alicheka sana. Nilimwambia kichwa kile kimetoka kwao.

Tatizo lililobaki lilikuwa kitambaa, na hapo ndipo anapoingia mama mkwe. Mayu Milembe (mayu kwetu ni mama) alitoka kijijini kwake, mbele ya Lagangabilili, kuja kunitunza uzazi. Ni mama mwema, sikatai. Uji wake wa ulezi umenirudishia damu. Lakini ni mtakatifu, na utakatifu ndani ya nyumba ya vyumba viwili unachosha. Rozari haimtoki shingoni hata akikaanga dagaa. Siku aliyofika alikuta jirani amemfunga Monika uzi mweusi mkononi, akaukata kwa kisu cha vitunguu, kisha akatuhubiria saa nzima juu ya watu wanaoweka mguu mmoja kanisani na mwingine kwa mganga. Mshika mawili moja humponyoka, alisema, akinitazama mimi, binti wa katekista wa Nyashimo, kana kwamba uzi nimeusokota mwenyewe.

Alhamisi asubuhi aliondoka kwenda Maswa kumwona ndugu yake mgonjwa. Akaniachia maagizo kwamba chini ya kitanda chake kuna kiroba cha nguo kuukuu, nikate nepi. Nikainama, nikakuta viroba viwili. Nikavuta kilichokuwa karibu.

Ndani mlikuwa na vitambaa viwili tu, kaniki nyeusi na marekani nyeupe, pamba ya zamani, vimechakaa vikawa laini kama sikio la ndama. Kwetu kaniki tuliijua kama nguo ya shamba. Nikajiambia kukata kitu kizuri hivi kiwe nepi ni dhambi. Nikapiga mkasi.

Kufikia Ijumaa mchana nilikuwa nimemaliza. Monika alipata gauni jeupe lenye pindo jeusi, shingo pana ya kutosha kichwa cha kwao. Mimi nilijishonea gauni la kaniki lenye kifua cheupe, na kila upande nikaacha mpasuo uliofichwa na kipande kinachofunuliwa kwa kidole kimoja. Pindo lilipinda kushoto, lakini nililivaa na kunyonyesha bila kumwonyesha mtu yeyote hata kitovu. Nilijipenda.

Marcelo akaja kula chakula cha mchana. Alinitazama, akaweka kijiko chini.

"Hiyo ni nguo ya bibi Nyanjige," alisema. "Mama huwa anaitoa kila mwaka baada ya mavuno. Anainyunyizia maji ya unga wa mtama na kuiongelesha. Nilimchungulia nikiwa mdogo. Hajui kwamba najua."

Bibi Nyanjige ni mama yake Mayu, alikufa zamani. Nikamwuliza Marcelo tutamwambiaje mama yake. Akakumbuka kwamba ana kazi ya haraka Nyashimo, itakayomweka huko mpaka Jumamosi usiku. Wanaume wa ukoo huo vichwa wanavyo, na miguu pia wanayo.

Nitasema ukweli, maana hadithi ni yangu. Hofu ilinikaa nusu saa tu. Baada ya hapo nilifurahi. Mama wa rozari, mkata nyuzi za watoto, kumbe ana mizimu kwenye kiroba! Na hawezi kunigombeza, kwa sababu akinigombeza itabidi aseme nguo ile ilikuwa ya nini. Jumamosi nikalivaa gauni langu makusudi, nikamvalisha Monika la kwake, nikakaa mlangoni kusubiri. Nilitaka kumwona mtakatifu akikosa la kusema.

Alifika alasiri, akiwa na Mama Wilhelmina, mwenyekiti wa jumuiya ya kijijini kwao, aliyekuja kwa ajili ya ubatizo. Mama Wilhelmina anapenda watu na anapenda zaidi habari zao. Ukimwambia jambo asubuhi, jioni limeshafika Lagangabilili.

"Mwadila, mayu," nikasalimia, kifua mbele.

Mama Wilhelmina aliitikia. Mayu Milembe alisimama na kikapu chake kichwani, akatazama gauni langu kutoka shingoni mpaka kwenye pindo lililopinda, kisha la mtoto, kisha akarudi kwenye langu. Sikuona hasira, na hasira ndiyo niliyokuwa nimejiandaa kuijibu. Mdomo wake ulikuwa unatetemeka kama wa Monika kabla sauti haijatoka.

Mama Wilhelmina akashika kaniki kwa vidole viwili, akaisugua. Akasema kaniki ya namna ile siku hizi haipatikani, wenye nayo ni wale wazee wanaoiweka kwa mambo yao. Akauliza nimeitoa wapi, na alipokuwa akiuliza alimtazama Mayu.

Jibu lilikuwa kinywani mwangu, tamu. Ningelitamka tu, Mayu asingeinua tena uso kwenye jumuiya.

"Mtumba," nikasema. "Pale sokoni Bariadi. Muuzaji mwenyewe hakujua anachouza."

Mama Wilhelmina hakuridhika, lakini alikunywa chai, akamsifu mtoto, akaenda kulala kwa mwanawe mtaa wa pili. Tukabaki watatu. Nikachukua wembe wa kufumulia, nikamwambia Mayu kwamba nilivuta kiroba kisicho chenyewe, nitafumua nyuzi zote, nitaunganisha vipande jinsi vilivyokuwa.

"Umeshakata," alisema. "Kufumua hakurudishi."

Nikamwomba msamaha. Nilimwomba kweli, na niliona aibu ya kusubiri kwangu pale mlangoni. Akakaa kitandani kando yangu.

"Mama yangu alikuwa ananibeba na hiyo," akasema. "Alikufa mimi bado nanyonya. Picha yake hakuna. Sijui hata kama alikuwa mrefu. Padri akisema ni mizimu, na aseme. Mimi huwa namwambia tu habari za nyumbani."

Akamchukua Monika, akampakata, akaweka kiganja juu ya lile gauni jeupe. Akazungumza Kisukuma, polepole, kama mtu anayezungumza na mgeni aliyechoka. Alimweleza mama yake kwamba mtoto ni wa Marcelo, wa kike, ana afya, na kesho anabatizwa. Alipomaliza akanitazama kifuani. Sehemu kubwa ya mama yake ilikuwa imevaliwa na mimi.

Nilitaka kucheka, Mungu anisamehe. Yeye hakucheka. Alimlaza Monika kitandani, akainama, akalaza kichwa chake juu ya kifua changu, kilemba na rozari na vyote, akafumba macho. Ana miaka sitini na moja. Alilia bila sauti, na mwili wangu haukuuliza anayelia ni nani. Maziwa yakashuka yenyewe, yakalowesha marekani, yakamlowesha na shavu.

Nikataka kujitoa nimfute. Akanishika mkono.

"Niache kidogo," akasema.

Nikamwacha.