Taya la Msoma Habari

Msoma habari wa asubuhi alikuwa katikati ya habari ya bei ya mafuta pale taya lake la kushoto lilipogoma. Mdomo ukabaki nusu wazi, sentensi ikakatika. Fundi mitambo, nyuma ya kioo, akaweka wimbo haraka haraka. Alipoingia studio alimkuta akijikanda shavu, akamwambia bila kuzunguka kwamba ule mlio wa taya kila anapofungua kinywa amekuwa akiusikia muda mrefu, ila aliona aibu kusema.

Naye msoma habari alikuwa na lake. Fizi zilimtoka damu kila alipopiga mswaki, na jino moja la chini lilikuwa limeanza kucheza. Hakumwambia mtu. Nyumbani kwao, meno yalikuwa jambo la kuchekwa: mama alibaki kibogoyo akiwa bado kijana, na mgeni yeyote akija, baba angetania kwamba mkewe anaogopa mswaki kama paka anavyoogopa maji. Msoma habari alikua akiapa kwamba hayo hayatamfika.

Daktari wa meno, mwanamke wa maneno machache, alipima kila fizi kwa kijichuma chembamba, akabonyeza mbele ya masikio, akaangalia picha. Kiungo cha taya kilikuwa na uvimbe, na mfupa unaoshika meno ulikuwa umeanza kuliwa. Akauliza kuhusu familia. Msoma habari akamweleza habari za mama, na za kaka yake, dereva wa lori, ambaye hupiga mswaki akikumbuka na meno yake yangeweza kufungua chupa.

"Vijidudu mnavyo nyote," daktari akasema. "Ila mwili wako ukiviona unawasha moto mkubwa kuliko wa kaka yako, na moto huo ndio unaounguza fizi na mfupa. Kwenye kiungo cha taya nadhani ni hivyo hivyo. Mtu anaweza kuzaliwa na mwili wa namna hiyo. Sijapima vinasaba vyako, nakisia kwa unayonieleza. Lakini mama yako huenda alikuwa msafi kuliko wote."

Akamsafisha chini ya fizi, akamtengenezea kinga ya meno ya kuvaa usingizini, akamwonya asikose kurudi. Baadaye lile jino lililocheza likang'olewa, mengine yakashika.

Jumapili alikwenda kwa wazazi. Alieleza yote sebuleni kwa sauti yake ya kazini, maana hakupata nyingine. Alitarajia mama afurahi. Mama aliweka chini shati alilokuwa akilishona kifungo.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekupa?"

Msoma habari akasema labda, na labda ni pande zote mbili, na hakuna aliyechagua.

Baba alipunguza sauti ya televisheni. "Mimi nilikuwa natania tu, mama watoto."

"Nilikuwa nasugua mpaka nachubuka," mama akasema, bila kumtazama. "Nikijua kesho utasema tena."

Mzee alitoka kwenda kukagua tairi za gari ambazo hazikuwa na tatizo lolote, akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Wiki ile akampeleka mkewe kwa daktari yule yule. Meno ya bandia yalikuwa yakimuumiza siku nyingi na hakuwa amesema. Mama akamwambia asubiri nje, naye akasubiri, kofia magotini. Mkewe alipotoka alimweleza kwamba daktari anataka wajukuu nao waangaliwe fizi mapema. Mzee akampigia simu dereva wa lori pale pale kwenye korido. Mwanawe akauliza kuna nini, kwani meno ya wanawe yako sawa.

"Wapeleke tu," mzee akasema. "Na usiwaambie ni uchafu."